Juu ya Miwani ya Maskini

Katika vigango vyetu vya Kolwezi na vya njia ya Likasi liko jambo ambalo padre huliona upesi anapokuja kusoma Misa. Msomaji wa somo la kwanza, ambaye miaka mitano iliyopita alisoma bila kukwama, sasa akishika kitabu hukisogeza mbali na uso wake, kwanza kidogo, halafu zaidi, hata mkono umenyooka wote na kitabu bado hakijafika mbali ya kutosha. Mwisho husoma kwa kumbukumbu, na pale kumbukumbu inapokwisha hutunga. Watu husema: amezeeka huyu, akili imechoka. Wala si kweli. Akili yake ni nzima. Kilichochoka ni kitu kidogo ndani ya jicho, kilicho na umbo kama la punje ya dengu.

Siku hizi wako watu waliojitwalia kazi ya kuwapelekea maskini miwani kwa bei wanayoiweza. Si wamisionari, wala si wachuuzi wa kawaida. Wamesimama katikati: wanauza, lakini faida siyo shabaha yao, na fedha ipatikanayo hurudishwa katika kazi ileile. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika barua yake Caritas in Veritate ya mwaka 2009, aliitaja namna hii ya kazi, iliyo kati ya biashara itafutayo faida na mashirika yasiyoitafuta, wala hakuikataa. Nami siikatai. Lakini jambo lililo jema laweza kupimwa bado, na hili nataka kulipima kama mtu wa Lualaba anavyopima, yaani kwa kukumbuka yaliyokwisha kutupata.

Kwanza tuseme ugonjwa wenyewe, kwani wengi hawaujui, na asiyeujua huenda kwa mganga. Tangu miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu. Ya mbali huonekana vema, mlima waonekana, ndege waonekana. Ya karibu yafanya ukungu. Hampati mtu mmoja mmoja kwa bahati mbaya. Hupata karibu kila mtu, tajiri na maskini, Mzungu na Mwafrika. Huko Kongwa, katika Tanzania, wataalamu waliwapima wanakijiji wa miaka 40 na zaidi, wakatoa taarifa yao mwaka 2006: zaidi ya nusu yao walikuwa na shida hiyo. Shirika la Afya la Dunia liliandika mwaka 2019 ya kuwa watu milioni 826 duniani hawaoni karibu kwa sababu tu hawana miwani inayowafaa. Dawa yake ni vioo viwili na waya.

Kuna watu wasemao: maskini wa kijijini ataka miwani ya nini, na yeye hasomi? Neno hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Aliyelisema hajapata kumwona mama achambuaye mchele jioni, au atiaye uzi katika sindano, au aokotaye mawe ya madini kati ya mawe matupu huko kwenye maji ya Malo. Wala hajakaa kwenye depo wanaponunua mawe. Mchimbaji wa mikono afika na magunia yake. Mnunuzi aelekeza kwenye jiwe ile mashine ambayo kwetu yajulikana kwa jina la Metorex, na namba yatokea kwenye kioo kidogo. Namba hiyo ndiyo bei yake. Halafu mizani, nayo ina namba. Halafu karatasi, nayo ina namba. Mtu wa miaka 45 asiyeona karibu aona pale kama sisimizi wanaotembea. Aambiwa ni mbili, akubali ni mbili.

Sisemi kila mnunuzi ni mwizi. Nasema asiyeona namba hana njia ya kumtofautisha mwizi na mtu mwaminifu, naye huondoka pale akiwashuku wote wawili sawasawa. Jambo hili limo katika Maandiko, na ajabu ni kwamba hatulihubiri. Tobiti alipopofuka, mkewe Anna alifanya kazi ya kufuma ili kuwalisha. Siku moja waajiri wake walimlipa ujira wake na kumwongezea mwana-mbuzi. Tobiti akasikia mbuzi akilia nyumbani, akasema ameibwa, akamwamuru mkewe amrudishe kwa wenyewe. Mke alimweleza, mume hakusadiki. Alikuwa mtu mtakatifu, mtoa sadaka, mzika maiti; lakini macho yalipokwenda, amani ya nyumba nayo ilitaka kwenda. Nimewaona wachimbaji wawili, ndugu wa tumbo moja, walioacha kusemezana kwa sababu ya karatasi ya depo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuisoma.

Basi hitaji lipo. Tuwatazame sasa hao waliokuja kulijibu. Lualaba sijaiona bado kazi yao kwa macho yangu, kwa hiyo nitasema juu ya wale wanaojulikana kwingine.

Wa kwanza ni mwalimu wa shule wa Ujerumani, Martin Aufmuth wa mji wa Erlangen, ambaye mwaka 2012 alianzisha shirika liitwalo kwa Kijerumani EinDollarBrille, yaani miwani ya dola moja. Alitengeneza mashine ya kupinda waya, yote yaingia katika sanduku la mbao lenye urefu na upana na kimo cha sentimeta 30. Haitaki umeme. Waya ni wa chuma kigumu chenye kunyumbulika, vioo ni vya plastiki ngumu vilivyokwisha kukatwa, navyo huingizwa kwa mkono mbele ya mnunuzi. Watu wa nchi wenyewe hufundishwa kuitengeneza na kuiuza, huko Burkina Faso, Malawi na kwingineko. Bei huwekwa karibu na ujira wa siku mbili au tatu wa mahali pale. Nilipozisoma habari hizi niliwakumbuka watoto wetu wa mitaa ya Kolwezi, wanaopinda waya na kufanya malori yenye usukani na magurudumu yanayokata kona. Mikono iko. Hakuna sababu yoyote mashine ile isikae Manika au Dilala.

Lakini jina lake, dola moja, sipendi. Dola moja ndiyo thamani ya waya na vioo, siyo ya miwani. Miwani ni pia mafunzo ya fundi, na nauli ya kwenda kijijini, na siku nzima ya kupima macho ya watu ambao nusu yao hawatanunua, na kodi ya chumba. Gharama hizi hulipwa na bei anayotoa mnunuzi pamoja na sadaka za Wajerumani wema. Hapana aibu katika hilo. Aibu ni pale maskini anaposikia jina, akaja na dola moja mkononi, akaambiwa ni zaidi, akarudi nyumbani akisema: hata hawa ni walewale. Sisi wa nchi ya madini tumesikia majina mazuri mengi. Afadhali jina lisilopendeza lenye ukweli.

Wa pili ni Mmarekani, daktari wa kupima macho Jordan Kassalow, aliyeanza mwaka 2001 shirika ambalo leo laitwa VisionSpring. Yeye hakuanza na mashine, alianza na mfuko. Akina mama wa vijijini walipewa mfuko wenye miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali na karatasi ya kupimia, wakaenda nyumba kwa nyumba. Wazo lilikuwa zuri sana kusikia, na magazeti yalilipenda. Likawa na shida yake: mtu akisha kununua miwani ya kusomea hanunui nyingine kesho, na mama mwenye mfuko hawezi kuishi kwa miwani peke yake. Hata shirika lenyewe likatafuta njia nyingine, likashirikiana na vyama vikubwa kama BRAC ya Bangladesh, ambavyo wahudumu wao wa afya walikwisha kuwa na kazi nyingine na wanajulikana mlangoni. Nawasifu kwa kukubali kwamba njia ya kwanza haikutosha. Si wote walio na moyo wa kubadili kitu ambacho magazeti yamekwisha kukisifu.

Hawa wa pili wamefanya pia jambo ambalo wafadhili hupenda: wamepima faida. Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya wachumaji chai wa Assam, nchini India, wafanyakazi 751 wa miaka 40 na zaidi. Nusu walipewa miwani mwanzoni, nusu walingoja. Waliopewa walichuma zaidi kuliko wenzao kwa kiasi cha karibu 22 katika 100. Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine ya Bangladesh, watu 824 wa kazi za namna nyingi, na safari hii waliopima hawakupima kilo bali kipato: baada ya miezi minane waliopewa miwani walikuwa wakipata zaidi kwa theluthi moja hivi kuliko wasiopewa. Ni kazi za kitaalamu zilizofanywa kwa uangalifu, na naamini matokeo yake.

Nataka kuuliza tu, ni hoja ya namna gani hii? Mtu amwendea mwenye shamba au mwenye kiwanda na kumwambia: wanunulie wafanyakazi wako miwani, watachuma zaidi. Mwenye shamba atatoa fedha, mfanyakazi ataona. Wote wawili wamefaidika, sivyo? Kwa siku hiyo, ndiyo. Lakini sisi wa Kolwezi tulikwisha kuishi katika hoja hii, tukaifikia mwisho wake.

Zamani za Union Minière, na baada yake zamani za Gécamines, mfanyakazi alitunzwa. Alikuwa na nyumba, shule ya watoto, hospitali ya kampuni ambayo mkewe alizalia na mama yake mzee alitibiwa. Wazee wetu bado huzisema siku zile kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za Misri na masufuria ya nyama. Kwa nini kampuni ilifanya hivi? Kwa sehemu kwa wema wa baadhi ya watu, na wema huo Mungu anaujua. Lakini sababu iliyoandikwa katika vitabu vya hesabu ilikuwa nyingine: mtu mwenye afya huchimba zaidi, na asiyehama hahitaji kufundishwa upya. Jicho lilitunzwa kwa ajili ya mkono, na mkono kwa ajili ya shaba. Basi shaba ilipoanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, mtu aliyepoteza kazi alijikuta amepoteza na daktari. Hakuna aliyesema amekosea. Hesabu ilikuwa ileile, ila namba zilibadilika.

Ndiyo maana kilo za chai zanitia wasiwasi, hata kama ni za kweli. Kama miwani yatolewa kwa sababu ya kilo, basi bibi aliyekwisha kuacha shamba hana haki ya kuona. Naye ndiye atakaye kuona uso wa mjukuu na maandishi ya kitabu cha nyimbo. Katekista naye hana kilo. Mtoto wa shule asiyeona ubao atakuwa na kilo baada ya miaka kumi, asubiri. Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891 aliwaambia matajiri ya kuwa mfanyakazi si chombo cha kupatia fedha. Naona bado kuna kazi ya kulieleza jambo hilo hata kwa wale wanaomtakia mfanyakazi mema. Wenye mashirika haya watanijibu: sisi twawaambia wenye fedha maneno wanayoyaelewa, lakini mioyoni tunajua mtu ni nani. Nawasadiki. Walakini maneno tunayowaambia wenye fedha mwaka hata mwaka hatimaye huwa ndiyo mioyo yetu. Seminarini tulimwona mwalimu mmoja aliyeanza kuwasifia wanafunzi shamba la seminari ili wapende kulilima, akaishia kuwapa alama za Kilatini kwa kadiri ya mahindi.

Lakini msomaji asidhani nawanyoshea wengine kidole huku mikono ya Kanisa ikiwa safi. Sisi wa misioni tunayo njia yetu ya zamani ya miwani, nayo ni mbaya kuliko ya wauzaji. Ni sanduku. Parokia ya Ulaya yakusanya miwani ya watu waliokufa au waliobadilisha, yatia katika sanduku, yatuma. Miaka michache iliyopita sanduku la namna hiyo lilifika kwetu, nami nikapewa kuligawa. Baada ya Misa niliweka meza kivulini, nikamwaga miwani juu yake, kila mtu akajijaribia. Ilikuwa furaha kubwa, watu wakacheka, wakapigana picha.

Mzee mmoja, katekista kabla yangu, aliyenifundisha mimi sala ya Baba Yetu, alichukua yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nilimwuliza, "Mzee, unaona vema?" Akasema, "Naona vema sana, mwanangu." Jumapili iliyofuata alijikwaa kwenye ngazi ya altare. Akawa anaumwa kichwa. Somo likawa baya kuliko zamani, mpaka akaliacha akasema kijana asome. Alivaa miwani ile miezi saba, na mimi nilikuwa nikimwona kila Jumapili. Siku muuguzi wa zahanati alipoitazama dhidi ya dirisha alinionyesha kwamba ni ya mtu asiyeona mbali, ugonjwa ulio kinyume kabisa na wa mzee. Nikamwuliza mzee kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilidhani miwani ni kama viatu vipya. Nilisema itanizoea."

Kosa ni langu, si la waliotuma. Lakini nimejifunza baadaye ya kuwa halikuwa langu peke yangu. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha uchunguzi juu ya miwani iliyokwisha kutumika: walichukua 275 kati ya zile zilizotolewa kama sadaka, wakaona ni 7 tu katika kila 100 zilizofaa kumpa mtu. Wakahesabu pia gharama ya kuisafisha, kuipima na kuifikisha, wakakuta moja inayofaa yagharimu zaidi ya dola 20, kuliko kununua mpya ya bei ndogo. Rahisi huwa ghali, na ya bure nayo vilevile. Ningeshukuru kama wanaotutumia masanduku wangetutumia nauli ya mpimaji.

Hapo nimefika penye neno langu. Maskini hakosi miwani hasa. Pale sokoni Kolwezi vijana hutembeza miwani juu ya ubao, pamoja na vitana na betri. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye nusu saa, kumweka mbele ya karatasi ya herufi, kumwuliza afanya kazi gani na aishika kazi hiyo karibu kiasi gani, kutazama ndani ya jicho kama hakuna mtoto wa jicho au ule ugonjwa wa shinikizo unaoua jicho kimyakimya. Na halafu, mtu huyo arudi. Miwani ya kusomea haidumu kwa nguvu ileile. Aliyepewa nguvu ya moja na nusu akiwa na miaka 45 atataka zaidi akiwa na 55. Waya hupindika. Mtoto hukalia. Muuzaji aliyekuja mara moja na gari lenye picha ubavuni amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu.

Nikirudi kwa Tobiti naona huko mfano kamili kuliko niliotegemea. Sisi twamkumbuka malaika Rafaeli kama mponyaji wa bure. Tusome vema. Kabla ya safari kulikuwa na mapatano ya ujira: drakma moja kwa siku, na gharama za njiani. Malaika hakuona haya kukubali. Mwishoni, Tobiti na mwanawe walipotaka kumpa nusu ya mali yote iliyoletwa, hapo ndipo alipojitambulisha, naye hakuichukua. Basi mapatano ya bei hayamchafui aponyaye, mradi yawe wazi tangu mwanzo na yasizidishwe mtu anapokuwa na furaha ya kuona. Na tena Rafaeli hakumtupia kijana nyongo ya samaki akaenda zake. Alimwonyesha samaki, akamfundisha atoe nini ndani yake na aweke akiba, akatembea naye njia yote kwenda, akarudi naye njia yote mpaka mlangoni pa mzee, akamwambia jinsi ya kuipaka. Katika Mbuji-Mayi kliniki ya macho yaitwa Saint Raphaël, nayo imestahili jina hilo, kwani watabibu wake hawaketi tu kungoja mjini, huenda pia vijijini kuwatafuta wagonjwa. Lakini nchi ni kubwa, na madaktari wa macho wa Kongo ni wachache, wengi wao wamekaa Kinshasa.

Je, basi tungoje madaktari? Hapana. Hapa nawapa haki wauzaji wa miwani dhidi ya wale wakali wanaotaka kila mtu apimwe na daktari kwanza. Miwani rahisi ya kusomea haimtaki daktari. Yamtaka mtu aliyefundishwa vema na anayejua mwisho wa ujuzi wake. Zanzibar walijaribu kuitoa katika vituo vya afya vya kawaida, na taarifa yake ilitoka mwaka 2011: waliopimwa wa miaka 40 na zaidi karibu wote walikuwa na haja nayo, na wachache sana ndio waliokuwa nayo. Kituo cha afya kina faida moja ambayo gari lenye picha halina: kesho bado kiko palepale. Sisi tunazo zahanati za misioni na za masista, tunao wauguzi, tunazo jumuiya ambazo zajua kila nyumba na kila mgonjwa. Tulichokosa ni kuona kwamba kazi hii ni yetu. Tumefikiri miwani ni mambo ya wasomi.

Na kama ni suala la nani mwenye miwani, historia yake imo ndani ya Kanisa. Tarehe 23 Februari 1306 padre Mdominikani, Giordano wa Pisa, alihubiri huko Florence akasema ufundi wa kutengeneza miwani haujatimiza miaka 20 tangu uvumbuliwe, naye alipata kumwona mtu aliyeutengeneza kwanza. Katika konventi yao ya Mtakatifu Katarina huko Pisa alikuwako mtawa mwingine, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313. Kitabu cha habari za konventi hiyo chasimulia kwamba mvumbuzi wa miwani hakutaka kuutoa ujuzi wake kwa watu. Fra Alessandro, aliyekuwa na mikono ya akili, akaiona, akaitengeneza mwenyewe, akawagawia wote ujuzi ule kwa moyo mkunjufu. Jina la mvumbuzi halijulikani mpaka leo.

Nalikumbuka hili nikiwatazama wauzaji wa leo. Nisingewauliza kwanza bei. Ningewauliza: mtaacha ujuzi huu mikononi mwa nani mkiondoka Lualaba? Mashine ya kupinda waya ikivunjika, nani wa hapa ajua kuifungua? Orodha ya waliopimwa itabaki zahanati, au itakwenda nanyi kumwonyesha mfadhili? Na bei, je, ni moja kwa mama wa Kasulo na kwa bwana wa kampuni, au bwana atalipa zaidi ili mama alipe kidogo? Hilo la mwisho silipingi. Nataka tu lisemwe wazi.

Katika kigango chetu tumeanza na jambo dogo. Viongozi wa jumuiya wameandika majina ya watu wa miaka 40 na zaidi wanaoshindwa kuona karibu, na kazi ya kila mmoja kando ya jina, ili mpimaji akipatikana, awe wa shirika lolote, asikute watu wamekusanyika ovyo kama nilivyowakusanya mimi siku ile ya sanduku. Muuguzi amekubali kuitunza orodha, na kuwatenga wale ambao macho yao yahitaji hospitali, wasije wakauziwa miwani ya kazi bure. Jina la kwanza ni la yule mzee. Alipolileta alitaka niliandike kwa herufi kubwa, ili aweze kulisoma mwenyewe na kuhakikisha sijakosea mara ya pili.